Usinionyeshe Bampa Jeusi Kabla Mvua Haijanyesha

Wasee, leo nina deni, na nataka kulilipa hapa hapa mbele yenu.

Kuna video yangu moja iliyoniletea wafuasi wengi kuliko zingine zote. Ni ya sekunde 22. Probox nyeupe, bampa la mbele limepauka mpaka limekuwa rangi ya jivu la jikoni. Mkono wangu unapita na kitambaa mara moja, na pale kitambaa kimepita plastiki inabaki nyeusi tii, utadhani gari limeshuka kwa meli asubuhi hiyo. Muziki unaingia. Basi, imeisha. Zaidi ya watu elfu 60 wameitazama, na mpaka wiki hii bado kuna mtu anauliza, "Bro, hiyo ni dawa gani?"

Dawa ilikuwa oili chafu. Oili ya injini iliyotolewa kwa gari la mtu mwingine, nikaongeza dizeli kidogo ndiyo iteleze vizuri. Nilijua. Sikusema, juu ukisema ni oili chafu hakuna mtu atabonyeza moyo.

Sasa sikia yaliyofuata, juu hayako kwa video.

Mwenye gari ni baba mmoja anayebeba abiria kati ya Kisumu na Bondo. Alikuwa anauza ile Probox ndiyo alipe karo ya binti yake. Alikuwa amepata mnunuzi wa kutoka Siaya, wakapatana aje aione Jumamosi asubuhi. Alhamisi akaniletea: "Nyathina, nifanyie hii gari ikae vizuri, nina mgeni." Nikapaka bampa zote mbili, vishikio vya milango, vioo vya pembeni, na ile plastiki ya chini ya kioo cha mbele pale waipa hulala. Nikachukua mia tatu. Nikachukua na video.

Ijumaa usiku mvua ikanyesha. Mnajua mvua ya Kisumu, ikitoka ziwani haipigi hodi.

Jumamosi mnunuzi anafika, anakuta gari jeupe lina michirizi ya kahawia kutoka kwa vishikio mpaka chini ya milango, kama gari limelia usiku kucha. Akapitisha kidole kwa bampa. Kidole kikatoka cheusi. Akamwangalia mzee, akasema: "Kama plastiki mmeipaka hivi, injini mmeipaka nini?" Akaenda zake.

Injini haikuwa na shida. Mzee alikuwa anabadilisha oili kwa wakati, ana daftari lake ameandika kila kitu kwa kalamu. Lakini nani angemwamini tena? Aliuza baada ya wiki tatu, kwa mtu mwingine, kwa elfu 40 chini ya ile bei. Mtoto alifungua shule amechelewa.

Aliponipigia simu hakunitukana. Aliniuliza tu, "Nyathina, ulinipaka nini?" Ningependa angenitukana.

Nikamrudishia mia tatu yake. Elfu 40 sikuwa nayo, na mpaka leo sijaimaliza. Ninalipa pole pole.

Kwa hivyo posti ya leo ni maoni yangu, na ni haya: sisi tunaorekodi video za "kabla na baada" tunadanganya watu, hata pale picha ni za kweli. Picha ya "baada" ikichukuliwa dakika tano baada ya kupaka haithibitishi kitu. Kila kitu kinakaa vizuri dakika tano. Ukitaka nikuamini, nionyeshe gari hilo hilo mvua ikishanyesha.

Ngojeni niwaonyeshe kwa nini, na mnaweza kujaribu wenyewe leo.

Chukua chupa ya maji, mwaga juu ya bampa lililopauka. Litageuka jeusi papo hapo. Hujaweka dawa, hujalipa mtu. Ngoja likauke, kijivu kinarudi pale pale. Umeona? Hapo ndipo siri yote iko.

Mabampa haya yasiyopakwa rangi kwa kawaida hutengenezwa na plastiki inayoitwa polipropilini, jamaa wa yale mabeseni na viti vya plastiki vya sherehe. Huchanganywa na mpira kidogo ndiyo likigongwa lisipasuke kama sahani. Weusi wake hutoka kwa kaboni, binamu wa masizi, na iko ndani ya plastiki yote, si juu tu. Kwa hivyo weusi haujaenda mahali. Kilichoharibika ni ngozi. Ile miale ya jua ambayo macho hayaioni, ikisaidiana na oksijeni ya hewani, hukatakata nyuzi za plastiki pale juu. Uso unapata nyufa ndogo ndogo na unga mwembamba, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika kila upande. Macho yako yanasoma kijivu. Maji yakijaza zile nyufa, mwanga unaacha kutawanyika, na weusi uliokuwepo siku zote unaonekana tena.

Ni kama viwiko vyako siku umeoga ukasahau kujipaka. Ngozi ni ile ile, imepauka tu.

Sasa fikiria. Oili chafu inafanya nini? Inajaza nyufa. Mafuta ya kupikia? Yanajaza nyufa. Kiwi ya viatu, mafuta ya nywele, siagi ya njugu, ile poli ya matairi inayong'aa? Zote kazi ni hiyo moja. Ni maji yanayochelewa kukauka. Zingine zinachelewa siku mbili, zingine wiki mbili. Hakuna hata moja inayogusa ile ngozi iliyoharibika.

Na oili chafu ina ubaya wake wa ziada. Inashika vumbi, kwa hivyo ukitoka Kisumu ukafika Ahero bampa lako limevaa sweta. Ule mpira uliochanganywa ndani ya plastiki, na hata mpira wa kuzunguka madirisha, haupatani na mafuta ya petroli. Unafura na kulegea. Kwa hivyo nilikuwa namlipisha mtu ndiyo nimharibie.

Wengine watasema, kwani shida ni ya nani, si ni plastiki tu? Waulize wenye magari ya huku. Nenda Maseno, kwa barabara ya Busia, utaona alama ya ikweta kando ya lami. Huko ndiko tunaishi. Tena ziwa letu liko karibu mita 1,134 juu ya bahari, kwa hivyo hewa ya kutuchujia ile miale ni nyembamba kuliko ya Mombasa. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha miale ya jua, na kikifika 11 wanaiita hali ya kupindukia. Huku kwetu saa sita mchana anga ikiwa wazi, 11 si habari mpya.

Halafu angalia magari tunayoendesha. Probox ilitengenezwa na Toyota kuanzia 2002 kama gari la kazi, la kupeleka mizigo ya ofisi. Zile za bei ya chini zikaachiwa bampa bila rangi, juu gari la kazi linagongwa gongwa na mkwaruzo hauonekani sana kwa plastiki nyeusi. Wazo zuri kabisa, kwa Japani. Sheria yetu inaruhusu gari lililotumika liingie nchini kama halijapita miaka 8. Mengi yanafika bampa bado liko sawa. Likishakaa misimu michache likingoja abiria juani, bila hata kivuli cha mti, ndiyo unaona lile jivu. Na si Probox peke yake. Subaru XV ya mtu wa ofisi, na zile plastiki zake nyeusi za kuzunguka magurudumu, jua linampiga vile vile. Tofauti ni kwamba wa Subaru akiona kijivu anaona aibu. Wa Probox akiona kijivu anaona bei ikishuka.

Ndiyo maana siwezi kuita hii kitu urembo tu. Kwa mtu ambaye gari ndiyo shamba lake na ndiyo benki yake, sura ya gari ni pesa. Ukimchezea sura umemchezea pesa.

Najua mtaniambia nini. Nimeshaambiwa.

Wa kwanza atasema: "Bro, mteja mwenyewe anataka ya mia mbili." Kweli. Na sina shida na ya mia mbili. Kama gari linaenda harusi Jumamosi na Jumapili linarudi kazini, paka kitu cha kung'aa, chukua picha, furahini. Hakuna mtu huita Vaselini uongo. Lakini mwambie: "Hii ni ya siku mbili, mvua ikija imeenda." Akikubali, mmekubaliana. Shida yangu ni kuuza ya siku mbili kwa jina la kufufua.

Wa pili atasema: "Kila mtu anafanya hivyo." Hiyo pia ni kweli, na ndiyo sababu mnunuzi wa Siaya hakungoja maelezo. Ameshachezwa. Sisi wote tumemfunza kwamba bampa jeusi sana kwa gari la miaka kumi na tano ni ishara ya mtu anayeficha kitu. Mzee hakuponzwa na mvua. Aliponzwa na sisi, wale walimdanganya yule mnunuzi kabla yake.

Wa tatu, na huyu aliandika kabisa, alisema: "Mtu aliyeacha chuo anatufunza kemia?" Ndiyo, mkubwa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi nikakataa kuendelea kujifanya iko. Shangazi yangu bado ananiuliza kila Krismasi nitarudi lini. Lakini hebu fikiria hiyo komenti yako vizuri. Daktari akikosea, ana cheti ukutani kinachomtetea. Mimi sina karatasi. Mafundi wengi wa Kibuye hawana karatasi. Tuko na kitu kimoja tu, kwamba mteja wa jana anaweza kumwambia wa kesho, "Enda kwa yule kijana." Sasa mimi nilichukua hicho kitu kimoja nikakiuza kwa video ya sekunde 22. Hesabu hiyo haihitaji digrii.

Haya. Sasa kazi ya ukweli inafanywaje? Naandika venye ninafanya sasa, na mnaweza kunikosoa.

Kwanza ni kuosha, na hapa ndipo watu hukimbia. Sabuni, maji, na burashi ngumu kiasi, mpaka ndani ya vile vipele vya plastiki. Kama kuna poli ya zamani, lazima itoke yote. Mimi nasugua, nasuuza, halafu napangusa na spiriti kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na weusi, narudia. Kikitoka safi, nimemaliza. Hii hatua peke yake inakula nusu ya muda, na haina mvuto wowote kwa kamera.

Pili, likauke. Kabisa. Maji yakibaki kwa nyufa, utapaka juu ya maji.

Tatu, funika rangi ya gari ukingoni kwa ile selotepu ya karatasi ya mafundi wa rangi.

Nne, chagua dawa kulingana na ukweli wa gari. Kama limepauka kidogo, kuna dawa za plastiki zenye silika ambazo zikikauka zinakuwa ngumu na kushikana na uso. Paka nyembamba, pangusa inayobaki, usiache maji yaguse siku nzima. Hizo hudumu kwa miezi, si kwa siku. Kama limepauka sana, kuna rangi ya maji maji ya plastiki inayoingia kwenye zile nyufa na kukaukia humo. Na kama limechoka kabisa, limekwaruzwa na kutoboka, piga rangi ya kupuliza. Lakini tanguliza praima ya plastiki, juu polipropilini haishiki rangi kirahisi. Ukiruka praima, rangi itabanduka kama ganda la yai.

Kuna wale wa moto, wanatumia ile mashine ya kupuliza hewa moto, kama ya saluni lakini kali zaidi. Nimejaribu. Inafanya kazi, weusi unarudi bila kupaka kitu. Inachofanya ni kuyeyusha kidogo ile ngozi ya juu ndiyo nyufa zifunge. Lakini huongezi kinga yoyote, kwa hivyo jua linaanza tena pale lilipoachia. Na mkono ukilala sekunde chache mahali pamoja, bampa linapinda au vipele vinayeyuka, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Kazi hii kwa Probox nzima inanichukua karibu siku moja. Ninalipisha elfu mbili na mia tano, na dawa iko ndani ya hiyo bei. Watu wengi wakisikia wanacheka na kuondoka. Sawa. Wale wanabaki wanarudi na gari la shemeji.

Kwa wewe unayetaka kununua gari, nakupa kitu cha bure. Enda na leso nyeupe. Pangusa bampa, vishikio na ile plastiki ya waipa. Leso ikitoka nyeusi na inateleza, jua imepakwa jana. Halafu angalia mahali jua halifiki: nyuma ya pleti ya namba, ama ndani ukifungua mlango. Linganisha na nje. Tofauti hiyo itakuambia gari limekaa juani kiasi gani. Lakini, na hii ndiyo nataka muisikie sana, leso nyeusi haimaanishi injini ni mbovu. Uliza daftari la huduma. Mzee wangu alikuwa nalo, na hakuna mtu aliliuliza.

Jambo la mwisho, kabla hamjanichoka.

Zile michirizi ya kahawia kwa milango ya mzee, zilienda wapi? Zilishuka chini, zikaingia mtaroni, na mtaro wa Kisumu unajua mahali pamoja tu pa kwenda. Sisi ndio tuna ile picha ambayo wageni hupenda kupiga, magari yameingizwa ziwani mpaka magurudumu yako ndani ya maji, yanaoshwa hapo hapo. Sheria ya mazingira imekataza kumwaga uchafu wa namna hiyo kwa maji tangu 1999. Sitajifanya polisi, juu vijana wengi waliolelewa na ile kazi ni marafiki zangu, na kazi yao ni halali kuliko video yangu. Lakini oili chafu ina metali na sumu ambazo zimetoka ndani ya injini. Leo iko kwa bampa, wiki ijayo iko kwa maji ambayo omena inatoka. Halafu tunakaa na ugali tunalalamika samaki amepungua. Kama utapaka kitu cha kuoshwa na mvua, basi kisiwe hicho. Hiyo tu.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Ile video ya sekunde 22 sitaifuta, juu nikiifuta nitakuwa nimeficha tena. Nimeandika juu yake: "Hii ni oili chafu. Usifanye." Na kuanzia sasa, kila gari nikitengeneza mtaona picha tatu: kabla, baada, na ya siku mvua kubwa imeshapita. Hiyo ya tatu ikitoka vibaya, nitaiweka pia.

Ya kwanza nimeiweka jana. Ni Vitz ya mama mmoja wa Nyalenda, muuza mboga. Siku 41, mvua sita kubwa nilizohesabu. Bampa la mbele bado jeusi. Kioo cha kushoto kimeanza kupauka kidogo pale chini. Nadhani sikusugua vizuri. Atakuja Jumatatu nirudie, bila malipo.

Watazamaji mpaka sasa: 312. Mmoja wao ni yule baba wa Bondo. Hakuandika kitu, aliweka tu kile kidole gumba.